Nyumba Iliyokuwa Pembeni mwa Picha

Asubuhi moja Bwana Simeoni alichukua kopo lake la maji, akatoka uani kwenda chooni, na choo hakikuwepo. Hakikuwa kimebomoka. Palikuwa na nyasi fupi tu na kuku anachakura. Simeoni akaenda kwa jirani, akajisaidia, akashukuru, kisha akateremka moja kwa moja mpaka studio ya Naftali, karibu na stendi ya mabasi ya Singida mjini, kwa sababu alijua ni nani wa kumuuliza.

Jana yake Naftali alikuwa amempigia picha ya nyumba yake ya kupangisha. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Wapiga picha wengine walipiga harusi, kipaimara na watoto waliovalishwa soksi kwa nguvu. Yeye alipiga nyumba. Uhuru ulikuwa bado mpya, watumishi wa serikali wanahamishwa kila kukicha, na mwenye nyumba ya kupangisha alituma picha Dodoma au Tabora ili mtumishi ajue pa kufikia kabla hajapanda basi. Simeoni alikuwa amelalamika kwamba choo kinaonekana pembeni mwa picha na kinaharibu sura ya nyumba. Naftali akachukua mkasi, akakikata.

"Nilisema ukikate kwenye picha," alisema Simeoni.

"Nilikikata kwenye picha," alijibu Naftali.

Walikiokota kipande kwenye takataka, wakakibandika kwa gundi. Choo hakikurudi. Simeoni akachimba kingine, na wapangaji wakasema hiki kipya kina hewa zaidi. Tangu siku hiyo Naftali hakukata picha tena. Mteja akitaka ipunguzwe, aliambiwa picha za hapa hazikatwi, na hakuna aliyebishana, maana habari ya choo ilikuwa imefika mpaka Ikungi na watu wana shughuli zao.

Miaka ikaenda, na kazi ya nyumba za kupangisha ikadorora. Naftali alikuwa na watoto wanaokula kama watoto wote wanavyokula. Kwa hiyo mwaka wa sabini na nne, operesheni ya vijiji ilipopamba moto na ofisa wake, Bwana Urbano, akatafuta mtu wa kupiga picha vijiji vipya, Naftali hakujiuliza mara mbili. Nyumba ni nyumba, alisema.

Kijiji cha kwanza kilikuwa kando ya barabara, upande wa kwao mkewe Cecilia. Kilikuwa na jina rasmi la kupendeza, lakini watu walikiita Mstarini, kwa kuwa nyumba zilipangwa kama wanafunzi asubuhi. Wengi walikuwa wamekwisha kuhamia. Aliyebaki kule juu mwinukoni ni Mama Martina, mama yake Cecilia. Hakuwa mkorofi. Alichosema ni kimoja tu: mume wake, Andrea, amezikwa uani, kando ya zizi, na yeye hawezi kwenda kulala mahali ambapo Andrea hatasikia anapofunga mlango.

Siku Naftali alipokwenda kupiga, Cecilia alifuatana naye. Mama Martina alikuwa amefagia ua wote, na kaburi akalizungushia mawe meupe. Alizungumza na binti yake, ingawa Naftali alikuwa amesimama palepale, ameinamisha kichwa.

"Mwambie mumeo aitie nyumba yangu kwenye hiyo picha, na kaburi lionekane. Ofisa akiona kwamba kuna mtu hapa, ataniacha."

"Mama anasema..." alianza Cecilia.

"Nimesikia," alisema Naftali, akiangalia viatu vyake.

Sasa hapa ndipo shida ilipoanza, na haikuanza kwa ubaya. Naftali alikuwa Mnyiramba wa Ulemo, amelelewa akalelewa vizuri. Mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Haingii kwake kuzidi barazani. Kusimika kamera ya miguu mitatu mbele ya mlango wake na kuukodolea jicho, hilo lilimshinda. Aliteremka mpaka barabarani. Akaweka nyumba za Mstarini katikati, zikakaa sawasawa, na nyumba ya mama mkwe, tembe ya udongo, ikaja kwa mbali upande wa kulia, pembeni kabisa.

"Sogea basi kidogo," alisema Cecilia.

"Inaonekana."

"Inaonekana kama kisogo cha mtu anayeondoka."

"Ni mama yako, Cecilia! Nimpigie mlangoni?"

Akabofya. Na kweli, picha iliposafishwa, vyote vilikuwemo: tembe, zizi, mawe meupe ya kaburi. Aliipeleka kwa Urbano akiwa na furaha, na akamweleza habari ya marehemu Andrea kwa heshima zote.

Urbano aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaleta fremu, akaipima juu ya picha, na picha ikazidi upande wa kulia. Akavuta droo, akatoa mkasi.

"Ofisa, picha zangu hazikatwi."

"Habari ya choo nimeisikia," alisema Urbano. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. "Ndugu Naftali, mwaka huu nimebomoa tembe za watu mpaka vumbi limekataa kutoka kwenye shati. Kuna bibi mmoja alinishika mguu, sijui kama utanielewa. Hii haina vumbi. Hakuna atakayelia mbele yangu."

"Na kaburi?"

"Nimeliona. Nikiacha kaburi moja, kila mtu ana kaburi."

Akakata, taratibu, kwa mkono uliozoea. Naftali alisimama pale na mikono yake miwili mizima, na hakumzuia. Aliona aibu kwa jambo hilo siku zote. Alichofanya ni kuinama na kuokota kipande kilichoanguka chini ya meza.

Mama Martina alikuwa kisimani Mstarini anateka maji. Alipanda mwinuko na ndoo kichwani, akafika, na pakawa na nyasi. Ng'ombe waliporudi kutoka malishoni walisimama mahali palipokuwa zizi, wakasubiri kufunguliwa. Hakupiga kelele. Alizunguka huku na huku akilitafuta kaburi kwa miguu, kama anayetafuta sindano, mpaka majirani wakaja wakampokea ndoo. Kesho yake alipewa nyumba Mstarini, na kwenye kitabu cha operesheni ikaonekana kwamba amehamia kwa hiari.

Kile kipande Naftali alimpa Cecilia, Cecilia akampa mama yake. Kilikuwa chembamba, upana wa vidole viwili. Mama Martina alikiegemeza juu ya kidirisha. Jioni, wakati wa kuwasha moto, moshi ulianza kupanda kutoka kwenye tembe ile ndogo, na Andrea akatoka akakaa kwenye kigogo kando ya zizi. Alikuwa na kaunda suti aliyozikwa nayo. Alikuwa akiangalia njia ya kisimani.

"Kumbe yupo," alisema Mama Martina.

Jioni ya pili Andrea alitoka tena. Jioni ya tatu alitembea mpaka mwanzo wa njia, akaweka mkono juu ya macho, akarudi. Mama Martina alimwita kwa Kinyaturu, kwa jina analolijua yeye peke yake. Hakusikia. Mtu mzima na akili zake, anamwita mume wake kwenye kipande cha karatasi, na mume anaangalia upande mwingine. Jamani, hilo lilimuuma kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi angalau alijua Andrea yuko wapi, na Andrea alijua yeye yuko wapi.

Ng'ombe akawagawa kwa ndugu za mumewe. Kisha akaja mjini kwa miguu, na kile kipande kwenye pindo la khanga, akaingia studio.

"Shikamoo, mama," alisema Naftali, kichwa chini.

"Marahaba. Cecilia, mwambie mumeo aje anipige picha pale palipokuwa mlango wangu. Halafu mnikate."

Cecilia alikataa. Akalia, akagombana naye, akamtajia wajukuu mmoja mmoja. Mama yake alimsikiliza huku akimpangusa machozi kwa upande wa khanga.

"Wewe una mume anayejua unapolala," alimwambia. "Wangu ananitafuta."

Walikwenda. Naftali alisimika kamera mbali, kama kawaida yake. Mama Martina alisimama kwenye nyasi na ndoo yake, akamtazama. Na kwa mara ya kwanza tangu atoe binti, alimsemesha yeye mwenyewe.

"Sogea, mwanangu. Mlango uliokuwa unauogopa haupo."

Alisogea. Akampiga kwa karibu, na ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga.

Kukata hakuweza. Mkono wake kwa mama mkwe, haiwezekani. Aliyekata ni Cecilia, mchana, amekaa mlangoni penye mwanga, akiufuata mkunjo wa khanga kama anavyokata kitambaa cha kushona, na machozi yanamdondokea kwenye vidole. Jioni, Mama Martina akiwa hayupo tena, yeye na Naftali waliangalia kile kipande chembamba. Moshi ulipanda. Andrea alitoka, akaangalia njia, na njiani kulikuwa na mwanamke anapanda na ndoo. Andrea akasimama. Akampokea ndoo, wakaingia ndani, mlango ukafungwa.

Cecilia alifurahi, na aliumia, na hakujua lipi limetangulia. Kila jioni huwapigia shikamoo. Hawamsikii.

Urbano alipoambiwa kwamba nyumba ile ya Mstarini iko tupu, aliuliza, "Amehama?"

"Amehama," alisema Naftali.

"Basi hakuna shida, alikwisha kuhesabiwa." Nyumba akapewa mtu mwingine. Kisha Urbano akamwambia kuna kijiji kingine, upande wa Iramba, na wageni wanakuja. Gari lingeondoka Jumatatu. Naftali alifikiria unga uliobaki nyumbani, akasema atakuwepo.

Jumatatu Cecilia alimfungia viazi vitamu kwenye kitambaa, akamsindikiza mpaka kwenye gari.

"Safari hii usimwonee mtu haya," alisema. "Nyumba za waliobaki ziweke katikati."

Akaziweka katikati. Alipanda mpaka milangoni mwa watu, akawaomba radhi wakwe za watu, akatafuta mahali ambapo tembe nne za zamani zilikaa kati ya mistari miwili ya nyumba mpya, hivi kwamba mkasi ukipita kulia au kushoto hauzifikii. Wenyewe walitoka wakasimama mbele ya milango yao, wamevaa nguo za kanisani, wakatabasamu.

Urbano aliitazama picha hiyo muda mrefu. Akasema ni kazi nzuri. Kisha akakata kipande cha katikati, akakitoa, akasogeza pande mbili zikakutana, akazibandika kwa gundi. Ikaingia kwenye fremu vizuri, na wageni walipofika wakakisifu kijiji kwa jinsi nyumba zake zilivyokaribiana.