Mikato Mitatu

Kila pedi ya breki inayotoka gereji yangu hapa Tororo ina mikato mitatu ya tupa kwenye kona ya bamba lake la chuma. Nilianza kuikata mwaka ule jamaa mmoja wa Merikit aliponiletea pedi zilizovunjika, akaapa mbele ya watu kwamba nilimfungia mimi, kumbe alifungiwa kwingine. Mimi Ojulong si mtu wa kusingiziwa. Tangu siku hiyo, pedi isiyo na mikato mitatu si yangu, na usinipotezee wakati.

Pedi zenyewe nazinunua Busia, upande wa Kenya, kwa Nashon. Huku kwetu tunaamini kitu orijino kinatoka ng'ambo. Wenzetu wa ng'ambo nao huvuka kuja kutafuta orijino kwetu, tunapishana mpakani kila mmoja akimcheka mwenzake. Nashon ana maboksi yenye stika inayong'aa. Nilizipenda zile stika, nakiri.

Asubuhi ya siku ya soko la Nagongera nilikuwa nafunga breki za gari la mwalimu Edgar, naye amesimama nyuma yangu kama anasimamia mtihani.

"Fundi, hii ni orijino kweli?"

"Mwalimu, kizuri chajiuza," nikamwambia, nikachukua tupa nitie alama yangu.

Rangi nyeusi ikabanduka. Chini yake palikuwa na mikato mitatu.

Nilidhani nimeshakata nikasahau. Nikachukua pedi ya pili kwenye boksi hilo hilo, nikaikwangua, ilikuwa safi. Ya tatu ilikuwa na mikato mitatu, kona ile ile, mmoja umeinama kidogo kushoto jinsi mkono wangu unavyoinama tangu nilipovunjika kidole. Nikaipiga ile pedi nyundo moja tu. Sehemu ya kusugua ikatoka nzima. Ilikuwa imebandikwa kwa gundi juu ya chuma chenye kutu, na chuma kilikuwa changu.

Nilijua kilikopitia. Miaka mitatu sasa Oguttu, mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Busia, hupita hapa kila mwezi kuzoa pedi kuukuu. Mafundi wengine humrudishia mwenye gari kifaa chake cha zamani. Mimi nilimwachia Oguttu bure, tena nikamshukuru kwa kunisafishia uwanja.

"Fundi, kuna nini?" Edgar akauliza.

Nikachomoa simu mfukoni, maana nilikuwa nimemkumbuka Loy.

Loy ni mke wangu. Hupeleka vitunguu sokoni Nagongera kwa pikapu yake, na jana yake nilikuwa nimemfungia pedi za katoni hiyo hiyo ya Nashon. Zake sikuzitia alama. Mke atanishtaki wapi? Ningezigusa kwa tupa mara moja tu, ningeona.

Simu yake iliita mpaka ikakatika. Nikapiga mara tano. Loy hashiki simu akiendesha, na aliyemkataza ni mimi. Nikarukia bodaboda ya kwanza niliyoiona, nikamwambia dereva akimbize mpaka Nagongera. Njia nzima niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kila gari jeupe lililokuja mbele nilidhani ni lake.

Kwenye mteremko wa kinamasi, kabla ya kufika sokoni, niliona vitunguu vimetapakaa barabarani.

Pikapu ilikuwa ndani ya shamba la mihogo, pua imeingia kwenye kichuguu. Loy amekaa juu ya gunia, mkono wake wa kulia umefungwa kifuani kwa leso, uso umempauka. Alikuwa hai. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Watu walikuwa wamejaa. Mzee mmoja nyuma yao alikuwa akihubiri: "Mwanamke na gari, nyinyi nangoja nini?"

Loy hakumjali. Aliniangalia mimi kwa haya, kama mtu aliyevunja chungu cha wenyewe.

"Baba Barbara, nisamehe," akasema. "Ng'ombe nakata barabara, mimi nakanyaga breki. Ikashika kidogo, halafu ikapotea kabisa. Hawa watu nasema breki mbaya. Nawaambia hapana, breki ameweka bwana yangu jana tu, haiwezi kuwa breki. Ni mimi nimekosa."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Fundi Ojulong wanamjua.

Ndipo nilipohisi kiganja kinaniuma. Lile bamba nililolibandua gereji nilikuwa nalo mkononi bado, nimelikamata tangu Tororo mpaka limenichana. Ningeweza kulitia mfukoni. Hapakuwa na mtu wa kuniuliza, na mke wangu alikwisha kunisafisha mbele ya kijiji kizima.

Nikaufungua mkono, nikaliweka mapajani mwake. "Katoni moja na zako," nikamwambia.

Loy alilifuta damu na kutu kwa kidole gumba cha mkono mzima. Kidole kikapita kwenye kona, polepole, mkato wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alama hiyo anaijua, hata mpini wa jembe lake unayo.

"Lakini hii ni ya kwako," akasema.

"Ni yangu," nikasema, kwa sauti ya kumfikia hata yule mzee wa nyuma.