Mshiriki wa Usingizi

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupangusa vyeti. Vilikuwa vitatu, vimetundikwa juu ya kiti cha Mama mdogo, na alitaka nianze navyo kabla sijagusa sakafu. "Mgonjwa huanza kupona kwa macho," alizoea kusema. Basi nilipanda juu ya kigoda, nikapuliza kioo, nikasugua kwa kipande cha fulana kuukuu mpaka nikauona uso wangu juu ya muhuri mwekundu.

Mama mdogo alikuwa akitibu usingizi na kufasiri ndoto. Alipanga chumba nyuma ya duka la rangi. Mlikuwa na kitanda kimoja, pazia zito la buluu, saa iliyotolewa betri ili isisumbue, na rafu ya madaftari, maana kila mgonjwa alikuwa na daftari lake la ndoto. Mimi niliishia darasa la tano, na maneno hunitoka kwa shida mbele ya wageni. Kazi ile ilinifaa: kufungua mlango, kuonyesha kiti, kushusha pazia, kutoka.

Siku yangu ya kwanza niliona neno moja lenye herufi kubwa kwenye vyeti vyote vitatu: MSHIRIKI. Mbele yake liliandikwa jina la Mama mdogo. Nikamuuliza maana yake. Alifikiri kidogo, akasema, "Ndicho cheo changu. Hospitali kuna daktari, kuna muuguzi. Kwenye usingizi kuna mshiriki. Anashiriki ndoto na mgonjwa."

Nilikipenda cheo hicho. Tangu hapo kila aliyeingia nilimwambia, "Karibu, keti, Mshiriki atakuona sasa hivi." Wagonjwa wakalizoea, mtaa ukalidaka, likawa jina lake. Hata mama yangu, aliye dada yake wa tumbo moja, alimtania akija kwetu kula: "Mshiriki, haya, shiriki na kuosha vyombo."

Mama ni fundi cherehani. Kwa mwaka mzima alikuwa akisinzia popote: kwenye kiti, kwenye foleni, mteja akiwa bado anapimwa kiuno. Akilala mchana baada ya chakula hukoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Halafu mkoromo unakatika. Hapo ndipo mimi huacha ninachofanya na kuhesabu kwa vidole. Nimewahi kufika kumi na saba kabla hajashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini.

Zahanati ilimpa barua ya kwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa usingizi. Mimi ndiye niliyeibeba barua ile hadi kwa Mama mdogo ili atusomee, kwa sababu mwandiko wa madaktari ulinishinda na mama hajui kusoma kabisa. Alirudi nami, akaisoma amesimama mlangoni kwetu. "Wanasema apumzike. Hospitali aende akipata nafasi." Akaikunja. "Lakini dada, ukapange foleni kwa watu baki na mimi nipo? Majirani watasemaje? Niachie barua, nikufungulie faili."

Miezi minane ikapita. Mama aliota anazama, kila mara anazama, nami nilimwandikia kwenye daftari lake. Mama mdogo akafasiri: maji ni machozi ambayo dada hakuyalia siku ya msiba wa baba yangu. Mama akaambiwa alie kidogo kila asubuhi kabla ya kazi. Akalia. Alisema anajisikia mwepesi. Halafu siku moja alisinzia mguu ukiwa kwenye pedali, na sindano ya cherehani ikapita kwenye kidole chake cha shahada, ukucha na vyote.

"Ndoto inatafuta pa kutokea," alisema Mama mdogo, akamfunga kidole kwa upole sana.

Wiki iliyofuata, asubuhi, alikuja dereva wa lori. Alikuwa mgonjwa wetu. Alisinzia akiwa kwenye usukani, akagonga nguzo ya lango la kiwanda, na ofisi yake ikamtaka alete barua ya mtaalamu kwamba amepona. Mama mdogo alikuwa amemwandikia, akapiga na muhuri. Asubuhi hiyo dereva alipokuja, Mama mdogo alikuwa ametoka kununua mafuta ya kunukia.

"Binti, Mshiriki yupo?"

"Ametoka, baba. Karibu, keti."

"Sikai. Nikikaa nitalala, na nikilala nitasahau hasira zangu." Akaitandaza barua juu ya meza. "Nimeipeleka. Karani kaisoma, kamwita mwenzake, wamecheka mpaka mmoja kavua miwani. Ananiuliza, 'Mshiriki wa nini? Hata mimi nilishiriki mbio za magunia.'"

"Ndicho cheo chake," nikasema.

Alinitazama. Hasira ilimtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa huruma, nikatamani arudishe hasira.

"Mwanangu, mshiriki ni yeyote aliyekuwepo. Ukienda kwenye semina ukakaa, ukanywa soda yao, wewe ni mshiriki. Mimi mwenyewe nimeelezwa leo, usione aibu." Akahesabu kwa vidole vyake vinene. "Cheti cha semina kinasema ulikuwepo. Cheti cha chuo kinasema ulisoma ukafaulu. Na hicho nacho hakitoshi. Lazima baraza la tiba likupe leseni, na leseni ina namba. Mtu akitaka anapiga simu barazani, anauliza namba hii ni ya nani. Karani akaniuliza namba ya Mshiriki."

"Ukasemaje?"

"Nikampa ya simu."

Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Nimesimamishwa kazi, binti. Mwambie nilipita."

Alipoondoka nilifunga mlango kwa komeo. Nikapanda kigoda, nikashusha cheti cha kwanza na kukilaza kitandani kifudifudi. Nilizungusha vishikizo vya fremu kwa ukucha. Karatasi ilikuwa ndefu kuliko nilivyoijua. Sehemu ya chini ilikuwa imekunjwa kwa nyuma, mkunjo umenyooka, umepigwa pasi kwa kucha za mtu asiye na haraka. Nikaukunjua.

Nasoma polepole, natembeza kidole chini ya maneno. *Semina ya siku mbili kwa wananchi wote.* Na chini yake: *Hati hii inathibitisha ushiriki tu. Si kibali cha kutoa tiba.* Cha pili kilikuwa na mkunjo uleule. Cha tatu kilikuwa cha asubuhi moja, mafunzo ya wauzaji wa magodoro.

Nilikaa chini sakafuni. Kisha nikainuka nikatafuta faili la mama. Barua ilikuwamo. Miezi ile minane nilikuwa nimesoma ndoto nyingi za watu, miandiko ya kila namna, na sasa mwandiko wa daktari ulinifungukia kidogo kidogo. Hapakuwa na neno "apumzike". Palikuwa na "pumzi hukatika", palikuwa na "moyo", na juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, neno lililopigiwa mistari miwili: HARAKA.

Mama mdogo aligonga. Nikafungua. Aliona fremu tupu juu ya kitanda kabla hajaniona mimi.

"Unafanya nini na vyeti vyangu?"

"Hapa pamekunjwa, Mama mdogo."

"Fremu ilikuwa ndogo."

"Zote tatu?"

Aliweka chupa ya mafuta mezani. Akauliza, taratibu kabisa, "Nani kakusomea?"

Angesema mimi ni mwongo, ningelia, ningemwomba radhi. Ningeamini hata kwamba sikuelewa. Lakini aliuliza hivyo.

"Nimesoma mwenyewe."

"Wewe?" Akacheka kidogo puani. "Miaka miwili unavifuta kila siku, leo ndiyo umejua kusoma? Mimi nilikuchukua hapa kwa sababu..." Hakumaliza. Akaanza kukusanya karatasi zake. "Watu wanapona hapa. Wanakuja wanalia, wanatoka wanacheka. Mama yako hakwambii anajisikia mwepesi?"

"Na HARAKA je? Mbona hukutusomea?"

"Ningemtisha. Mtu mwenye hofu halali." Akageuka, macho yamejaa machozi, na nadhani yalikuwa ya kweli. "Ni dada yangu. Unadhani namtakia mabaya? Ningemwambia aende kwa daktari mwingine, nani angekuja kwangu? Wangesema hata ndugu yake kamkimbia."

Nilichukua barua, nikatoka bila kuvua aproni.

Mama alikuwa akishona sare za shule, kidole kimoja kimefungwa kitambaa, kimesimama juu kama kinaomba ruhusa ya kusema. Nikamsomea barua neno kwa neno. Nikamweleza habari za mikunjo. Hakusimamisha cherehani mpaka nilipofika kwenye neno jekundu.

"Rudia hapo."

"Haraka."

"Kaandika yeye au daktari?"

"Daktari, mama."

Akakata uzi kwa meno. "Huyo nilimbeba mgongoni. Meno yake ya mbele yaling'oka nikamtafunia chakula. Mkunjo gani? Labda fremu ilikuwa ndogo."

"Mama."

"Nimesikia." Akaitoa sare kwenye cherehani, akaipindua, akatazama mshono wa ndani kwa muda mrefu. "Kesho tutakwenda hospitali. Lakini jina lake lisitoke kinywani mwako. Kwa mtu yeyote. Uchafu wa nyumbani hufagiliwa ndani."

Nikasema ndiyo. Ndiyo ndilo neno ninalolijua kuliko yote.

Hospitali kubwa ilikuwa na korido ndefu yenye benchi za chuma. Mama alisinzia mara tatu tukiwa kwenye foleni, kichwa begani kwangu, nami nikihesabu. Ilipofika zamu yetu, muuguzi aliichukua barua na kuitazama tarehe, akatutazama.

"Hii ina miezi minane. Na juu imeandikwa HARAKA. Mgonjwa alikuwa wapi?"

"Nyumbani," mama akasema.

"Miezi minane nyumbani, na pumzi inakatika? Anaota nini akilala?"

"Anazama," nikajibu mimi.

Muuguzi akaandika. "Wengi wanaokosa pumzi huniambia hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa akimtibu? Nahitaji kujua, binti, sikuulizi kwa ubaya."

"Hakuna," mama akasema, na mkono wake ukanibana goti.

Niliwaza Jumatatu. Jumatatu huwa tuna wagonjwa sita. Yupo mama mwenye mtoto anayetembea usingizini, yupo mzee ambaye moyo humwamsha. Wote hao niliwaonyesha kiti mimi. Nilimwonyesha kiti dereva. Nilimwonyesha kiti mama yangu mzazi, nikamshushia pazia, nikamwandikia ndoto kwa mwandiko wangu mbaya, na kila mara niliwaambia watu wangoje, kwamba atakuja mwenye cheo. Yeye alikuwa na vyeti. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni.

"Yupo," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Muuguzi akainama mbele. Nikaanza upya, nikamtajia mtaa, duka la rangi, mlango wa nyuma, na jina, lile halisi aliloitwa na babu yangu. Nikamwambia wagonjwa wengine huja siku zipi. Mkono wa mama uliondoka gotini kwangu nilipokuwa nimefika kwenye jina, na haukurudi.

Muuguzi aliandika kila kitu, akaniuliza herufi za jina, nikamtajia moja moja. Kisha akafungua mlango na kumwita mama ndani ili wampime.

"Mkoba wangu," mama akasema bila kunitazama.

Nikampa. Muuguzi aliuliza kama ndugu yake anaingia naye.

"Nimekuja peke yangu," mama akasema, akaingia, na mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi. Watu waliosikia walinitazama, wengine wakahama kidogo, na mimi nikatazama mlango ule, kwa sababu mtu anayesinzia hawezi kuachwa avuke barabara peke yake, hata kama hasemi nawe.