Ukuta wa Bibi Mwanaupe

Mwaka ule maduka ya Musoma yalipoanza kujaa tena sabuni na sukari, Mwanaharusi alinunua friza kuukuu iliyovushwa mpakani Sirari, akaanza kuwauzia barafu wachuuzi wa samaki. Biashara ikashika. Kilichomtia wasiwasi ni bodi ya fyuzi, iliyokuwa ukutani tangu enzi za Mhindi aliyeijenga nyumba. Ubao wake ulikuwa umeungua ukawa mweusi, na kila friza ilipowashwa, bodi ilinguruma kama nyuki waliofungiwa chunguni.

Akamwita Twalib, fundi umeme wa mtaa wao wa Nyakato, aliyejifunza kazi kwa marehemu Salum, mume wa Mwanaharusi.

Twalib alizima umeme, akachomoa fyuzi, akaguna. "Mama Shani, njoo uone. Spoku ya baiskeli."

"Ya Salum hiyo," Mwanaharusi akasema kwa fahari. "Waya wa fyuzi ulikuwa haupatikani, si hapa si Bunda. Akakata spoku ya baiskeli yake, mimi nikamshikia koroboi. Tangu siku hiyo umeme wa nyumba hii haukatiki, labda ukatike mji mzima."

Twalib akaiweka spoku kando. Kufikia adhuhuri, sanduku jipya lenye swichi zinazojizima zenyewe lilikuwa limekaa ukutani. Akawasha friza. Tak! Swichi ikajizima. Akaiinua. Tak!

"Twalib!" Mwanaharusi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Umeniletea sanduku au mtoto wa kudeka? La zamani lilikaaga miaka yote bila kulalamika! Petronila anatoka Bunda kesho kufuata barafu, nimwambie nini? Rudisha spoku."

"Sirudishi, mama."

"Nyumba ni yangu au yako?"

"Ni yako. Ila mkono wa kurudisha spoku hautakuwa wangu."

"Basi namwita fundi Jumanne. Yeye hanaga maneno."

Kutoka chumba cha pili kikasikika kikohozi. Ni Bibi Mwanaupe, mama yake Salum. "Nyie! Mmeufanya nini ukuta wangu? Umepoa."

Wakaingia. Bibi huyo alikuwa na maumivu ya mgongo, na tangu friza ije, kitanda chake kilisogezwa ukutani kwa sababu ukuta ule ulikuwa na joto. Bibi aliuita rehema. Hata paka alikuwa halali penginepo. Mwanaharusi naye alikuwa akimshukuru Mungu, maana mkwewe alikuwa ameacha kulia usiku.

Twalib akauangalia ukuta, akageuka kumwangalia Mwanaharusi. Akakisogeza kitanda taratibu, bibi akiwa juu yake, akakwangua lipu kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na nyaya za friza. Mpira wake ulikuwa umekauka kama ukoko wa ugali, ukamomonyoka alipougusa. Chandarua nacho kilikuwa na doa la kahawia pale kilipogusa ukuta.

Mwanaharusi akalishika lile doa. Likatoboka. Mwiko ukamponyoka.

"Spoku haiungui," akasema polepole. "Kwa hiyo kilichokuwa kinaungua…"

"Ni nyaya hizi, mama. Ndiyo maana swichi mpya inajizima."

"Na Salum ndiye aliyeiweka. Kwa mama yake mwenyewe."

"Waya haukuwepo, mama. Angefanyaje?"

Mwanaharusi akaokota mwiko. Kisha akafungua friza, barafu ikaanza kuyeyuka, watoto wa jirani wakaja na vikombe. Kwa kondakta wa basi la Bunda akapeleka ujumbe: Petronila asije mpaka nyaya mpya zipite. Twalib akaanza kuchimba lipu jioni ile ile.

"Na mgongo wangu je?" bibi akauliza.

Mwanaharusi akapanda kitandani, akalala amempa mgongo mkwewe, mgongo kwa mgongo.

Bibi akamwegemea, akipima joto. "Si haba," akasema. "Ila ukuta ulikuwa haukoromi."