Mikono ya Chapuchapu

Wateja walimbandika jina la Chapuchapu tangu enzi anasukia barazani kwa mama yake, na jina likamganda. Kichwa kizima cha rasta ndogondogo, ambacho wenzake walikipa siku nzima, yeye alikimaliza kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, na mdomo nao haukupumzika. Watu walikuja saluni kwake nusu kusukwa, nusu kucheka.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili jina hilo linampwaya. Vidole vilikufa ganzi katikati ya mstari. Sauti ilikwaruza. Alivaa sweta huku wateja wakijipepea kwa magazeti. Daktari alikwisha kumweleza kwamba tezi ya shingoni imezembea, haitoi kichocheo cha kutosha cha kuuendesha mwili, akampa vidonge vya kumeza kila alfajiri kabla hajatia kitu tumboni. Mwanzoni vilimwamsha kweli. Halafu mambo yakageuka kwa namna ambayo hakuna aliyeielewa: kila akipimwa damu, majibu yalisema dawa imemzidi. Daktari akapunguza. Baada ya miezi mitatu akapunguza tena. Na kila alipopunguza, Chapuchapu alizidi kudidimia.

"Karatasi inasema mwili wako unakwenda mbio," daktari alimwambia mara ya mwisho.

"Basi karatasi ije inisaidie kusuka," alijibu, na wala hakuwa anatania.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa ganzi. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amepata kazi ya uuguzi nchi ya mbali. Likizo ya kwanza ingekuja baada ya miaka mitatu, na zilibaki siku kumi na mbili aondoke. Kichwa cha binti huyo hakikuwahi kuguswa na mikono mingine. Siku ya kwanza ya chekechea, mitihani, mahafali ya chuo, zote alikwenda akitoka katikati ya magoti ya mama yake. Chapuchapu hakuwa na zawadi nyingine ya kumfungia safari. Alitaka amsuke, basi. Amsuke yeye mwenyewe, vizuri, kwa mara ya mwisho kabla ya miaka mitatu.

Walijaribu siku ya Jumapili, saluni ikiwa imefungwa. Baada ya saa mbili kulikuwa na rasta tano, na mbili kati ya hizo zilichomoka zenyewe binti alipogeuza shingo.

"Tupumzike, Mama."

"Nani kachoka? Kaa sawa."

"Sijachoka. Ila nimekaa hapa saa mbili nzima, sijasikia hata umbea mmoja." Binti alisema kwa kucheka, lakini hakugeuka. "Zamani ningekuwa nimeshajua nani kaachwa na nani kaoa tena."

Chapuchapu aliishika tena rasta iliyochomoka, akaanza kuisuka upya. Alikuwa anammisi binti yake na hajaondoka bado. Hakujua kwamba binti naye, akiwa amekaa pale kwenye kigoda, alikuwa anammisi mama yake siku nyingi.

Jumanne alikuja mteja wake wa miaka mingi, mwanamke anayepima damu katika maabara ya hospitali ya mtaa mwingine. Chapuchapu alikuwa amechoka mno hata akasahau kukirudisha nyuma ya kioo kitu ambacho hukaa huko siku zote. Mteja akanyoosha mkono achukue chanuo, akaibuka na kopo.

"Dada, hizi vitamini za nywele ni za nani?"

"Za mteja. Kazisahau."

"Mteja gani huyo, anasahau kopo lenye vidonge vitatu?"

"We mwanamke umekuja kusuka au kupekua?"

Mpimaji aliligeuza kopo, akasoma maandishi madogo ya ubavuni, na uso wake ukabadilika. "Mbona kila kidonge kina nyingi hivi. Niambie ukweli, shoga yangu. Unameza ngapi?"

Chapuchapu alikwenda kuurudishia mlango. Kisha akavua kilemba. Juu ya paji nywele zilikuwa zimekwisha, na utosini ngozi ilionekana.

"Viwili asubuhi, viwili jioni. Ungependa uketi hapa usukwe na mtu anayenyonyoka kama kuku?"

"Daktari wako anajua?"

"Aliniuliza kama natumia dawa nyingine. Nikamwambia hapana. Vitamini ni dawa?"

"Na siku ya kupimwa damu?"

"Siku hiyo naongeza kimoja. Angalau anikute na sura ya mtu."

Mpimaji alicheka bila kutaka, kisha akajiziba mdomo, na macho yakamlengalenga. Akamvuta wakaa pamoja kwenye benchi la wateja.

"Nisikilize. Ndani ya hizi kuna vitamini inaitwa bayotini. Mashine nyingi zinazopima tezi hutumia bayotini hiyohiyo kunasia kile zinachokipima. Damu ikija imejaa ya kwako, mashine inachanganyikiwa, inasoma dawa nyingi mahali ilipo kidogo. Daktari anaiamini karatasi, anakupunguzia. Nywele zinazidi kutoka, wewe unaongeza vitamini. Umeona unavyozunguka?"

Chapuchapu alilichukua kopo, akaligeuza. "Kwa hiyo haikunizidi."

"Haikukuzidi. Umepunjwa mwaka mzima, na aliyekupunja ni hili kopo na aibu yako. Acha leo. Usijiongezee dawa mwenyewe. Subiri wiki, upimwe upya, na umwambie daktari kila kitu, hata hicho kimoja cha nyongeza."

Chapuchapu alipiga hesabu ya siku kwa vidole visivyohisi chochote. Jumanne hadi Jumanne. Siku tatu baada ya hapo, Ijumaa, binti angeondoka.

Wiki ikapita, akapimwa. Majibu yalipotoka siku iliyofuata, daktari aliyasoma mara mbili, akaweka karatasi chini na safari hii akamtazama yeye. Tezi ilikuwa hoi. Akaandika dozi ya mwanzo.

"Nilipaswa kukuuliza vizuri zaidi," alisema. "Nisiulize dawa tu. Niulize unameza nini."

"Nami nilipaswa kuvua kilemba. Mikono itarudi lini?"

"Wiki sita. Huenda nane."

"Mimi naihitaji kesho."

Daktari alimsogezea karatasi ya dawa.

Alhamisi asubuhi Chapuchapu alimshika binti yake mkono, akampeleka kwa msusi wa mtaa wa pili, mshindani wake wa zamani, ambaye miaka yote yeye Chapuchapu alimsema kwamba mistari yake imepinda kama njia ya mbuzi.

"Nimekuletea mwanangu," alisema mlangoni.

Msusi yule alimtazama kutoka kilembani hadi miguuni akitafuta mzaha umejificha wapi. Hakuuona. Akafuta kiti.

Chapuchapu alikaa pembeni, akiwa amepakata mafungu ya rasta, akimpa moja baada ya jingine. Hakukosoa mstari hata mmoja, ingawa wa tatu ulistahili. Jioni binti alijitazama kwenye kioo, akasema ni nzuri. Zilikuwa nzuri kweli. Siku iliyofuata akaondoka nazo.

Wiki ya saba, akiwa katikati ya kichwa cha mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Chapuchapu alihisi unywele. Unywele mmoja, kati ya kidole gumba na cha shahada, ukiteleza. Alisimama akausugua tena na tena, hadi mwalimu akauliza kama kuna chawa.

"Wangekuwepo ningeshautangazia mtaa," akajibu, na saluni nzima ikaangua kicheko. Alimaliza kichwa kile kabla ya chakula cha mchana. Kisha akatoka nje na mikono yake iliyorudi, akakosa wa kumwonyesha. Akapiga simu ya video.

Binti alitokea kwenye simu, nywele zimetimka.

"Umefumua!"

"Muda mrefu. Nafunga tu kwa nyuma. Nakusubiri wewe, Mama."

"Miaka mitatu? Utakuja kuoteshewa viazi humo kichwani." Alisema hivyo huku akiisogeza simu karibu na uso. Angeweza kumwambia asubiri. Alitamani sana kumwambia asubiri. "Tafuta msusi hukohuko, mwanangu. Wapo, uliza wenzako. Mwambie asianzie mbele, aanze kisogoni. Ukivutwa mbele wewe hutoa machozi na husemi."

"Kumbe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa nalegeza. Mwambie na upande wa kushoto zinaota kuelekea sikioni, asizilazimishe."

"Subiri, Mama, naandika," binti alisema, na ikasikika droo ikifunguliwa, kalamu ikitafutwa.