Vijiwe vya Sangara

Mwaka 1976 Verdiana alirudi kwao Ikola, kando ya ziwa, na barua ya chuo, kioo cha kukuzia, na uamuzi ambao hakuwa amemwambia mtu: mwezi wa saba harudi chuoni Mlimani. Miaka miwili ya kunakili ubaoni majina ya samaki, kisha kuyarudisha vilevile kwenye mtihani, ilikuwa imemchosha. Alibakiwa na kazi moja ya likizo, kukusanya vijiwe vilivyomo masikioni mwa samaki wa ziwa la kwao.

Mama yake, Eufrazia, aliyeanika dagaa kwa miaka thelathini, alimpasulia kichwa cha sangara mkubwa, akatoa vijiwe viwili vyeupe.

"Hivi ndivyo walivyokutuma ulete?" akacheka. "Sisi tunavitema."

Verdiana alikivunja kijiwe kimoja katikati, akakisogeza kwenye kaa la moto mpaka kikabadilika rangi, akampa mama yake kioo.

Eufrazia aliinama. Akakigeuzageuza kijiwe chini ya kioo.

"Kuna mistari. Inazungukana."

"Ndiyo umri wake, mama. Inaongezeka kadiri anavyokua. Hapa ilipoachana alikula akashiba. Hapa ilipobanana alipata shida."

Mama akaketi mchangani, kijiwe kiganjani. "Mungu wangu. Miaka yote nilikuwa natupa habari za maisha yao." Kisha akainua uso. "Na kinasema alizaliwa wapi? Huku kwetu au ng'ambo, Zaire?"

Verdiana alivirudia akilini vitabu vyote vya chuo. Hakukumbuka kulisoma hilo popote.

Kesho yake alimwandikia mhadhiri wake swali hilo, barua ikaondoka na lori la dagaa hadi posta ya Mpanda. Jibu lilifika baada ya wiki tano. Alimsomea mama yake penye vichanja vya kuanikia dagaa: "Jibu la swali hili silijui, na sidhani kama yupo anayelijua. Ukirudi tulitafute pamoja."

"Mwalimu wenu hajui?" Eufrazia alishangaa.

"Hajui, mama. Hakuna anayejua."

Alipolisema hilo alisimama. Akalitazama ziwa aliloliogelea tangu utotoni, maji mpaka kule milima ya Zaire inakofifia, akaona kama ndiyo kwanza analiona.

Mwezi wa saba alipanda lori kurudi Mlimani na makopo matatu ya vijiwe, kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi yenye tarehe na mahali. Eufrazia alimkimbilia na kopo la nne.

"Hivi vya Karema," akasema akihema. "Nimewaagiza wavuvi wa huko."