Tangi la Chini

Tahiri hakuwa mjinga, alikuwa mkaidi, na ukaidi wa mtu anayempenda mkewe hauna dawa. Fundi wa Dar aliyemwuzia lile sanduku la kioo la kufugia samaki alimweleza waziwazi: chini yake hukaa tangi la pili, lenye pampu, na hilo lazima liwe kubwa. Pampu hupandisha maji juu, nayo hurudi chini kwa bomba, kutwa kucha. Siku umeme ukikatika, maji ya juu huteremka kwa mpigo. Tangi la chini likiwa dogo, yanafurika.

"Chukua kubwa, mzee wangu," fundi alisisitiza.

Lakini kubwa lilitaka meza ndefu ya kwenda juu, na Ummy, mkewe, alikuwa hainui tena shingo kitandani. Walimtoa kwao Mbwera, pwani, wakamleta Kibiti awe karibu na daktari, na daktari amekwisha kunawa mikono. Ummy alililia kitu kimoja tu: kuona maji ya kwao kabla hajafumba macho. Kwenye meza ndefu, kutoka kitandani angeona mbao tu. Tahiri akachukua tangi dogo. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, majenereta yamejaa madukani. Akanunua moja la kuendesha pampu, akaapa halitazimika.

Maji ya chumvi yakaja kwa madebe kutoka Mbwera, pamoja na samaki wadogo aina ya chaa na kaa mmoja mtundu. Ummy akacheka. Jamani, alicheka yule mwanamke!

Kisha Mfaume, jirani wa ukuta kwa ukuta, akafariki. Mtaani kwao penye msiba hapalii redio wala mashine mpaka maiti atoke. Bwanaheri, mdogo wa marehemu, akapiga hodi, macho mekundu.

"Kaka Tahiri, tunasoma pale. Jenereta hilo."

Tahiri alikuwa tayari kukataa, aibu aione baadaye.

"Zima, Baba Hanifa," Ummy akasema kutoka kitandani. "Kisha nenda ukazike. Usipomzika Mfaume, mimi atanizika nani?"

Akazima. Maji yakashuka, tangi dogo likajaa, likamwaga. Alikinga kwa sufuria, akaziba kwa kanga, yakapita. Jeneza lilipotoka, akalifuata.

Aliporudi na vumbi la kaburi miguuni, akawasha jenereta. Maji ya Mbwera yalikuwa yamekwisha kunywewa na sakafu ya udongo, na ya Kibiti hayana chumvi. Pampu ikavuta hewa, ikakoroma, ikaungua. Chaa wakaanza kupinduka mmoja mmoja, matumbo juu. Kuleta maji mengine kungechukua siku kadhaa, na Ummy hakuwa nazo.

"Nisamehe, Mama Hanifa. Nilichagua vibaya."

"Nimeyaona, Baba Hanifa. Yametosha." Akafumba macho, akayafumbua. "Sasa nigeuze ukutani."

Akamgeuza. Alikuwa mwepesi mno. Tahiri akabaki amemshika bega.