Mgonjwa wa Ufunguzi

Kitambaa alichokalia Mama Ukoko kilikuwa cha tatu tangu asubuhi. Wifi yake, aliyemsindikiza, alikuwa amesogea pembeni kidogo kwenye benchi la hospitali. Hakuwa na chuki. Harufu haijui undugu.

Jina hilo alibandikwa na watoto wa shule. Miaka kumi na tisa aliwapikia, na waliochelewa akawakwangulia ukoko wa sufuria. Sasa alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alishasema haikatiki tena, iliyobaki ni mionzi, siku ishirini na tano. Mashine ya zamani ilikuwa imekufa. Mpya ilikuwa inafunguliwa leo, naye alikuwa wa mia mbili na kumi na nne kwenye orodha.

Muuguzi mkuu alipita akikagua nyuso kama anayechagua nyanya.

"Wewe mama, unaweza kulala chali bila kulia?"

"Naweza."

"Mvalisheni shuka safi."

Wifi akamkumbatia. "Mungu si Athumani, wifi!"

Chumba cha mashine kilinuka rangi. Akalazwa, meza ikiwa baridi. Mheshimiwa aliyekuja kufungua mashine akaingia na kamera zake, akamwekea mkono begani.

"Serikali imesikia kilio chako, mama."

"Ahsante."

"Tabasamu kidogo," mpiga picha akasema.

Akatabasamu. Wakapiga makofi, wakatoka. Yeye akaendelea kulala, akidhani labda mionzi haina sauti. Fundi wa mashine, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akikunja waya.

"Imeisha, baba?"

"Haijaanza, mama. Kifaa chenyewe cha kutoa mionzi bado kiko bandarini. Hili ni kasha tu." Hakumtazama. "Inuka taratibu."

Akainuka. Shuka lilikuwa limelowa. Akalikunja doa likaingia ndani, akaliacha mezani.

Jioni majirani walimwona kwenye televisheni, wakaja kumpongeza. Aliwaitikia wote.

Mashine ilianza kazi baada ya wiki saba. Siku hiyo alikuja akiegemea bega la wifi. Karani wa dirisha la kwanza akafungua faili.

"Wewe ulishaanza matibabu. Siku ya ufunguzi. Halafu ukatoroka."

"Nililazwa tu, mwanangu. Nikapigwa picha."

"Mimi nasoma kilichoandikwa. Foleni hii ni ya wasioanza. Waliokatiza ni dirisha la pili, na wawe na barua."

"Barua ya nani?"

"Ya aliyekutibu."

Wifi akamshika mkono kumwongoza dirisha la pili. Nyuma yao watu walishaanza kusukumana.

Dirisha la pili lilikuwa limefungwa, pazia limeshushwa. Mama Ukoko akasimama mbele yake, kiganja ukutani. Baada ya muda akaja mwanamume aliyefungwa bandeji taya zima, faili kwapani.

"Foleni ndiyo hii, mama?" akauliza kwa shida.

"Ndiyo," alisema, akasogea mbele kumpa nafasi.